Gari Lililolalamika Asubuhi Tu

Siku baba alipofariki, gari halikutoka uani.

Kabla ya hapo, kila asubuhi Kasuku aliamshwa na mlio wa lango, kisha mlango wa gari, kisha kimya kifupi. Kimya hicho kilikuwa cha baba. Hakuwa mtu wa kuwasha injini na kuondoka mbio. Alifungua dirisha kwanza, akatega sikio, ndipo akazungusha ufunguo. "Gari husema lake asubuhi," alizoea kusema. "Mchana kelele za watu humeza kila kitu." Siku ile lango halikulia. Watu waliingia na kutoka kwa mlango wa mbele wakizungumza kwa sauti za chini, na kigari cheupe kikabaki uani na ngazi yake imefungwa juu, kana kwamba baba angetokea wakati wowote kwenda kutundika mapazia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya nyumba ile. Mama alishona mapazia katika chumba cha mbele. Baba alipima madirisha, akatoboa kuta, akatundika. Majirani walisema wawili hao wanafuatana kama uzi na sindano. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, msichana wa darasa la sita, ambaye wote walimwita Kasuku kwa sababu hakuna sauti asiyoweza kuiga: cherehani ya mama, bawaba kavu, hata mwalimu wa hesabu akipiga chafya.

Matanga yalipokwisha, oda za mapazia hazikungoja. Mama alikuwa na leseni ya udereva iliyolala kabatini miaka na miaka. Akaitoa, akaipangusa, akamwita Baba Mdogo, mdogo wake marehemu, amfundishe upya.

"Achia klachi polepole, shemeji! Si kanyagio la cherehani hilo!"

"Cherehani yangu haijawahi kunirusha namna hii," mama alimjibu, huku gari likiruka kama chura.

Kwa wiki nyingi aliendesha akiwa na mto mgongoni, maana hakutaka kukisogeza kiti pale baba alipokiacha. Kisha siku moja akakisogeza. Kasuku, aliyekaa pembeni yake, aliona jinsi mikono ya mama ilivyotulia kwenye usukani tangu siku hiyo, akajisemea moyoni kwamba hakuna mtu jasiri kumshinda.

Tatizo lilikuwa sauti moja. Kila asubuhi gari lilipowashwa, injini ililia krrr-tak-tak-tak, kwa muda wa pumzi moja, kisha mlio huo ukakoma kutwa. Baba alikuwa ameanza kuisikia siku chache kabla ya kufariki. "Nitawaambia siku ya sevisi," alisema. Siku hiyo haikumkuta.

Gari lilikuwa bado na dhamana, yaani ahadi ya kampuni kwamba likiharibika lenyewe watalitengeneza bila malipo, mradi lisikose sevisi kwa wakala wao. Lakini wiki ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Ikipita, ubovu wowote wa injini ungekuwa mzigo wa mama peke yake, na bila gari mapazia yasingefika popote.

"Tumwite fundi wa pale kona," Baba Mdogo alishauri. "Anafungua chapuchapu, mchana tunajua ugonjwa."

"Akifungua mtu mwingine hata skrubu moja, watasema tumeliharibu wenyewe," mama alisema. "Kaka yako hakukosa sevisi hata mara moja. Mimi nije kuvuruga mwishoni?"

Akapiga simu kwa wakala. Wakamwambia alete kitabu cha sevisi, atoe vitu vyake vyote ndani ya gari, na awe tayari kueleza shida iliyopo.

Kutoa vitu ndiko kulikokuwa kugumu. Chini ya kiti kulikuwa na penseli fupifupi ambazo baba alizichomeka sikioni akazisahau, kulabu za mapazia, na kofia yake iliyopauka ukingoni. Mama aliishika ile kofia kwa muda, kisha akamvalisha Kasuku. "Itunze," alisema, akarudi kupangusa dashibodi. Alisafisha buti la gari mpaka pembeni, ingawa hakuna aliyemtaka asafishe. Alitaka gari lifike kwa mafundi kama baba alivyokuwa akilifikisha.

"Haya, tupange maneno yetu," alisema alipomaliza. "Sauti inatoka lini?"

"Asubuhi tu, mama. Likiwashwa mara ya kwanza."

"Inakaa muda gani?"

"Kidogo tu. Kama mtu akivuta pumzi."

"Basi tutasema hivyo hivyo. Tusipunguze, tusiongeze."

Mama alipoingia ndani, Baba Mdogo alimvuta Kasuku kando. "Nikwambie siri ya mjini. Ukienda na neno dogo, wanakupa jibu dogo. Wewe waambie gari linazimika barabarani. Hapo utawaona wanavyoshtuka!"

"Lakini halizimiki, Baba Mdogo."

"Unataka gari lipone, au unataka zawadi ya msema kweli?"

Maneno yale yalilala na Kasuku.

Kwa wakala sakafu iling'aa kama sahani, na hewa ilinukia matairi mapya. Nyuma ya ukuta wa kioo magari yalikuwa yameinuliwa juu, mafundi wakipita chini yake. Aliyewapokea alikuwa fundi mkuu, mwanamke wa makamo mwenye ovaroli ya buluu na miwani iliyoning'inia kifuani. Mama alimweleza kama walivyopanga. Fundi akaliwasha gari. Ile sauti haikusikika. Akalizima, akaliwasha tena. Injini ikanguruma vizuri, bila lawama yoyote.

"Mbona inaimba tu, mama?" Fundi alisema. Hakusema kwa dharau, lakini Kasuku hakulisikia hivyo. Hawatutaki, aliwaza. Watatupa jibu dogo.

Wakati huo mama aliitwa mezani kutia sahihi. Fundi akamgeukia Kasuku. "Ni hiyo sauti tu, mwanangu, au kuna jingine?"

"Linazimika," Kasuku alisema, na ulimi wake ukakimbia mbele yake. "Linazimika barabarani. Jana lilituzimikia katikati ya magari!"

Uso wa Fundi ulibadilika. "Kuzimika? Hilo linaweza kuua mtu. Sauti ingoje, tuanze na hilo." Akamwita kijana mmoja, akampa ufunguo. Kasuku aliona gari likiondoka, akajiona mjanja.

Jioni waliporudi kulichukua, yule kijana alikuwa ameegemea ukuta, shati limemganda mgongoni.

"Tumepima mafuta, tumepima umeme," Fundi alimwambia mama. "Kijana wangu amezunguka nalo kutwa. Halikuzimika hata mara moja. Ile sauti hatukupata nafasi ya kuitafuta. Na kuanzia kesho tumejaa magari ya watu mpaka wiki ijayo."

"Wiki ijayo dhamana itakuwa imekwisha," mama alisema. Kisha akageuka, kama aliyesikia neno kwa kuchelewa. "Kuzimika? Nani alisema linazimika?"

Fundi alimtazama Kasuku tu, na mama akafuata macho yake. Mama hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma Kasuku zaidi.

"Mweleze Fundi," alisema.

Kasuku aliinamisha kichwa. "Halizimiki. Nilidanganya. Niliogopa kwamba mkisikia ni sauti ndogo, hamtatusikiliza."

"Lo!" yule kijana alipiga makofi. "Kutwa nzima naendesha gari zima! Mji huu sasa naujua kuliko aliyeujenga."

"Nisamehe sana, mwanangu," mama alimwambia kijana. "Umepoteza siku yako, na kosa limetoka nyumbani kwangu." Alisema akiwa amesimama wima, mbele ya wateja wote, bila kumsukumia mtoto aibu na bila kumfichia. Kasuku alitamani sakafu ile inayong'aa impasukie.

Fundi alivaa miwani yake. "Haya. Sasa niambie ulichosikia kwa masikio yako. Hicho tu."

Kasuku alivuta pumzi. "Krrr-tak-tak-tak!" Mteja aliyesinzia kwenye kiti alishtuka. "Halafu inanyamaza."

"Upande gani?"

"Ukisimama mbele ya boneti, upande wa kulia."

"Mkilizima mkaliwasha tena hapo hapo?"

"Hailii."

"Na siku za mvua inazidi?"

Kasuku alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, ingependeza. "Sijui," alisema. "Sikuangalia."

Kwa mara ya kwanza Fundi alitabasamu. "Hiyo 'sijui' imenisaidia. Nyinyi mlilileta likiwa limekwisha pata moto njiani, ndiyo maana lilikaa kimya. Liacheni hapa lilale. Kesho nitakuja kabla ya magari ya watu, na asiliguse mtu mpaka mfike."

Walirudi nyumbani kwa miguu.

"Ni Baba Mdogo aliyenishauri," Kasuku alisema njiani.

"Nitamwambia la kwake. Lakini yeye alitoa ushauri. Mdomo ulikuwa wako." Kisha mama akaushika mkono wake, wakaendelea kutembea.

Asubuhi Fundi alikuwa amekwisha fungua boneti, anawangoja. Alimpa kijana ishara, naye akazungusha ufunguo.

Krrr-tak-tak-tak!

Wote walimgeukia Kasuku.

"Si mimi!" alisema.

"Naapa nilidhani ni huyu mtoto!" kijana alisema, akacheka mpaka akashika usukani.

Fundi alikuwa ameinama, sikio limekaribia injini upande wa kulia. Aliposimama, alikuwa na uhakika. Ndani ya injini kuna mnyororo, aliwaeleza, na kifaa kinachoukaza kilikuwa kimechoka. Injini ikiwa baridi, mnyororo hulegea na kugonga. Ukiachwa hivyo, siku moja huruka mahali pake na kuiua injini yote. Dhamana ilikuwa ingali hai, kwa hiyo wangekibadilisha bila malipo. Alifungua kitabu cha sevisi, akapitisha kidole kwenye mihuri. Hakukosekana hata mmoja.

"Nani alikuwa akilileta?"

"Mume wangu."

"Ni mtu makini."

"Alikuwa," mama alisema.

Fundi alikifunga kitabu taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili. "Basi ameacha watu makini," alisema. Kisha akamwinamia Kasuku.

"Mwanangu, asubuhi gari linapowaka uani kwenu, mimi sipo. Masikio yangu huko ni nyinyi. Mtu akinificha jambo, ananiziba sikio moja. Akiniongezea, ananiziba yote mawili, maana namwacha mgonjwa nakimbilia ugonjwa usiokuwapo. Usiogope kuja na neno dogo. Likiwa la kweli, kazi ya kulikuza ni yangu."

"Nimesikia, Fundi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nenda shule, ukichelewa kengele haina dhamana."

Mama alicheka. Kasuku alikuwa hajamsikia akicheka kwa sauti tangu msiba, akamtazama mpaka kicheko kikaisha.

Dhamana ilikwisha Ijumaa ile, kifaa kipya kikiwa tayari ndani ya injini. Siku hizi mama hulipia sevisi kutoka mfukoni mwake, na bado hulipeleka gari kwa Fundi yule yule.