Simu ya Bi Swaumu

"Aliyetengeneza mfumo huu nikimkamata, atanitambua!"

Watu waliojazana kwenye steshenari ya Kongowe, Kibaha, waligeuka. Kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa, viatu vimejaa vumbi, alikuwa akigombana na kompyuta ya kukodi, akisajili wakulima wake kwenye mfumo wa ruzuku. Shamsia, ndani ya dera la zambarau, akamsogelea.

"Haya nikamate, kaka. Ni mimi."

Makubwa! Khalfani, bwana shamba wa Marui kule Kisarawe, alicheka mpaka akashika meza. Mapenzi yakaanzia hapo, na simu zikawa hazipoi.

"Mpenzi, mfumo wako una roho mbaya."

"Una adabu! Kwenye Java, lugha ya kompyuta niliyouandikia, juu ya kila taarifa ya mkulima nimebandika alama: jina lisiwe tupu, simu isiwe tupu. Ukituma yenye kosa, mfumo unaikataa kabla haijahifadhiwa."

"Na moyo wangu umeukagua?"

"Umepita, baba."

Kisha Shamsia akaona kwenye mfumo wazee wa Marui karibu wote wana namba moja ya simu. Ya Khalfani! Damu ikamchemka, akampigia.

"Umetuingizia wakulima hewa!"

"Shamsia, mimi mwizi?"

"Namba ndiyo inasema."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupokelewa. Siku zikapita, chakula hakimshuki, usingizi hauji. Alimpenda mno yule kijana. La, alisema, simpotezi nimekaa kitako. Akapanda basi hadi Kisarawe, akadandia bodaboda hadi Marui.

Alimkuta Khalfani barazani kwa Bi Swaumu, akimweleza siku ya kugawa dawa ya mikorosho.

"Shikamoo bibi. Eti una simu?"

"Marahaba mwanangu. Simu yangu si huyu hapa!" Bibi akamgonga Khalfani begani. "Wakinitaka wanampigia yeye, naye huja kuniambia. Wazee wote hapa ndiyo hivyo."

Aibu ilimshika Shamsia. Alama yake mwenyewe ndiyo iliyomlazimisha mtu asiye na simu awe nayo. Akatoa kompyuta yake mkobani palepale, akaifuta alama ile, akaweka nyingine: simu yake, au ya mtu anayempelekea habari.

"Nimekukosea, Khalfani. Nimekuja kukuchukua."

"Nikikataa?"

"Nalala hapa kwa bibi mpaka ukubali."

Khalfani alijikaza asicheke, akashindwa. "Basi Ijumaa wajomba zangu wanakuja kwenu kuposa."

"Leo Jumatano," Shamsia akasema. "Kesho wana kazi gani?"