Daraja Lililokwenda

Kila jioni Kiduchu alitumwa na mama yake, fundi cherehani, kupeleka nguo za wateja ng'ambo ya mto. Na kila jioni alisimama katikati ya daraja, akaegemea reli na kuyakodolea macho maji yaliyopita chini. Punde maji yalionekana kutulia, na daraja ndilo likaanza kwenda, taratibu, kuelekea mto unakotoka. Huko juu ndiko baba yake alikokuwa akijenga bwawa. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, na Kiduchu alimkumbuka hadi kifua kikamuuma.

Alhamisi moja alisafiri hivyo mpaka kizunguzungu kikamshika. Mfuko ukamponyoka, na gauni jipya la mwalimu mkuu likachukuliwa na maji.

Mama alipouliza, Kiduchu hakusema kwamba alikuwa amesimama kutazama mto. Alisema daraja lilitikisika. Mama akamsimulia jirani muuza mkaa, ambaye mdomo wake hauna breki. Kufikia asubuhi mtaa mzima ulijua kwamba daraja linataka kuanguka, na wengine wakaapa kwamba wamekuwa wakiliona likiyumba tangu mwaka jana.

Mkaguzi wa madaraja akaja na kofia yake ya njano, akafunga kamba pande zote mbili. Alitangaza kwamba hapiti mtu wala gari mpaka apime kila nguzo, kazi ambayo ingechukua wiki nzima. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya basi la baba, na njia nyingine ya kuvuka haikuwepo. Baba angefika ng'ambo, akaona kamba, akarudi kazini bila kumshika hata mkono.

Alimshika mama yake kanga, wakaenda pamoja hadi darajani.

"Shikamoo," alimwambia mkaguzi. "Daraja halikutikisika. Nilikuwa natazama maji, nikaliona linakwenda. Linakwenda kila siku nikiyatazama."

"Marahaba. Hebu nionyeshe ulipokuwa umesimama."

Mkaguzi aliegemea reli, akatazama chini, kisha akacheka kidogo. "Hata mimi limenichukua," alisema. "Macho yakijaa maji yanayokwenda, akili inadhani wewe ndiye unayekwenda. Tazama ile nguzo ya taa kule ukingoni. Umeona? Uko palepale."

Kwa kuwa haja ya kupima kila nguzo haikuwepo tena, alikagua viungo na nguzo za katikati tu, asione ufa wowote, na kabla ya magharibi akafungua kamba. Kesho yake baba alivuka na begi begani, na Kiduchu akamrukia kabla hajalitua.

Baba alipoondoka tena, Kiduchu aliacha kucheza wiki nzima, akashona pindo na vifungo vya gauni la kulipia lile lililopotea. Walilipeleka wawili, na walipofika katikati ya daraja mama akasimama.

"Macho yako yalikosea, mwanangu, na kwa hilo sikulaumu," alisema. "Lakini ulijua ulichokuwa ukifanya, ukanificha. Huo uongo ndio uliofunga daraja, na nusura umzuie baba yako."

"Nisamehe, mama."

Mama alikuwa ameinama kwenye reli, macho yake kwenye maji, na alikaa hivyo muda mrefu.

"Mama, umefika wapi?"

"Karibu nafika," mama alisema polepole. Kisha akainua uso, akaitafuta nguzo ya taa, akamshika Kiduchu mkono wakaendelea na safari.