Madebe Matupu ya Sfax

Kilichoibwa kilikuwa hewa iliyozungushiwa bati. Ndivyo alivyosema Sajini Walid, akicheka peke yake, waliposimama ndani ya ghala la kiwanda cha mafuta ya zeituni cha akina Kamun. Chaga sita za madebe mapya ya lita tano hazikuonekana.

Inspekta Mongi Ayadi hakucheka. Nje malori ya zeituni yalikuwa yamepanga foleni hadi barabara kuu, na mashine za kukamua zilinguruma. Mafuta yalikuwepo. Cha kuyatilia ndicho kilichokuwa kinakosekana.

"Zamani ghala hili tulilijaza hadi darini," alieleza Bi Raudha Kamun, mkuu wa mipango. "Sisi tuliagiza kupita kiasi kwa kuwa wenye madebe walikuwa wakitupunguzia. Wao walitupunguzia kwa kuwa walijua tunazidisha. Wote waongo. Msimu huu tukakubaliana: tunawaonyesha tunachouza, nao wanaleta kila alfajiri tunachohitaji tu."

"Ikafaa?"

"Ikafaa sana, mpaka mizigo ilipoanza kufika pungufu. Sasa kule Sousse, kwenye kiwanda cha madebe, wanatuita wezi, na sisi tunawaita wezi. Wametishia kusimamisha malori."

Mlinzi wa lango aliapa kwamba lakiri iliyofunga mlango wa lori ilifika ikiwa nzima. Lakini chini ya kiti cha dereva polisi walikuta lakiri nyingine, mpya. Hiyo ilitosha. Dereva, Ridha Shelbi, alitiwa pingu palepale uani, wapakiaji wakitazama.

"Lakiri hii ya nini?" Inspekta alimuuliza kituoni kesho yake.

"Ya akiba, afande. Kila dereva anayo. Ya kwanza ikikatika njiani nitafungia nini, kamba ya viatu?"

"Ulisimama wapi?"

"El Jem. Kahawa."

"Lori ulimwachia nani?"

"Mungu."

"Wakati wa kushusha?"

"Nakula supu ya lablabi ng'ambo ya barabara. Ami Hedi, mtunza ghala, ndiye hunituma. Ananiambia, nenda ukale mwanangu, umetoka mbali. Mimi nikirudi, yeye na foklifti yake wameshamaliza." Ridha alijifuta uso kwa kiganja. "Afande, labda sikufunga mlango vizuri pale El Jem. Nimewaza mpaka kichwa kinaniuma. Andika uzembe. Nitasaini."

Inspekta alifunika kalamu yake. Angeweza kuandika. Mwendesha mashtaka alikuwa analisubiri jalada, na dereva mwenye rekodi ya uzembe hapewi lori tena popote.

"Tutazungumza kesho," alisema.

Kwenye korido alikutana na mzee aliyevaa ovaroli ya buluu, mikononi ana sufuria iliyofunikwa kitambaa.

"Kuskusi ya samaki," alisema mzee. "Ya Ridha."

"Wewe ndiye Hedi? Si ndiye uliyetoa taarifa kwamba mzigo ni pungufu?"

"Ndiyo, afande."

"Na jana pia ulimletea chakula."

"Mkewe yuko mbali. Na chakula cha mahabusu unakijua mwenyewe."

Mzee alipopita, Walid alisema, "Ningempata mlalamikaji kama huyu, ningeiba kila wiki."

Jioni mafundi wa alama za vidole walipiga simu. Lakiri iliyokaguliwa langoni ndiyo ileile iliyofungwa Sousse, na haikuwa imechezewa. Basi hakuna kilichoibwa njiani. Mongi alikwenda nyumbani akiwa na swali moja. Kila debe lilikuwa limechapishwa jina la Kamun pande zote nne. Mwizi angemuuzia nani?

Mkewe alikuwa sakafuni jikoni, akishindilia pilipili zilizokaushwa kwenye mitungi, akiba ya mwaka.

"Yote haya ya nini?" Mongi alimtania. "Duka si liko hapo chini?"

"Na siku likifungwa, utakula mlango?"

Mongi alibaki amesimama, koti mkononi. Madebe yale hayakuwa na faida kwa mtu yeyote duniani isipokuwa kiwanda kilekile kilicholalamika kuyakosa.

Asubuhi alimfuata Hedi ghalani. "Ami Hedi, wapakiaji wameniambia nyumba ya marehemu mama yako ni ile nyuma ya kiwanda. Nionyeshe mnapoweka akiba."

Mzee hakuuliza kwa nini. Alitafuta funguo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Chumba kilinukia pilipili na ngano. Mbele kulikuwa na mitungi. Nyuma yake, yakiwa yamefunikwa shuka safi, madebe yalipanda hadi kwenye boriti.

"Mwaka jana, pamoja na kuagiza kote kule, yaliisha katikati ya msimu," Hedi alisema, akiwa amegeukia ukuta. "Mafuta yakauzwa kwa bei ya kutupa. Akina mama wa kufungasha wakarudishwa nyumbani. Tajiri akasema mbele yao, mkitaka kujua kwa nini, muulizeni Hedi. Mmoja akaniuliza kweli. Akaniambia, Ami Hedi, wanangu wale nini? Sasa msimu huu naletewa ghala tupu, naambiwa ndiyo maendeleo."

"Ungemwambia Bi Raudha unaogopa."

"Nilimwambia. Akanionyesha mchoro kwenye kompyuta."

"Kwa nini useme mzigo ulikuja pungufu?"

"Ningesema yamefika yote, kesho yake wangepunguza. Zamani madebe yakipungua, kule Sousse walinung'unika, wakafidia, ikaisha. Sikujua siku hizi kila debe linafuatiliwa. Nilidhani hakuna atakayeyaulizia. Kisha mkaja nyinyi. Nikajiambia nitasema, acha wamalize tu kuuliza. Nikamwona ametiwa pingu, nikarudi nyumbani."

"Ukaenda kupika kuskusi."

"Nikaenda kupika kuskusi."

Bi Raudha alipoletwa aione ile shuka, hakumgombeza. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ule mchoro ulikuwa sahihi, kisha akakaa juu ya mtungi kama mtu aliyechoka ghafla.

Kituoni Hedi aliomba amwambie Ridha mwenyewe, na Inspekta akamruhusu. Alisema yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Ridha alisikiliza huku akipitisha kamba alizorudishiwa kwenye viatu vyake, tundu moja baada ya jingine.

"Leo nilikuwa nasaini," alisema mwishowe. "Nilishaanza kuuona mkono wangu ukiuacha ule mlango wazi. Niliuona kabisa, na jua la El Jem likiupiga. Sasa sijui nitautoaje kichwani."

Hedi alisogea hatua moja kumkaribia.

Ridha alisimama, akafunga mkanda, akauliza njia ya kwenda kituo cha magari ya Sousse. Alimuuliza Inspekta aliyekuwa mlangoni, ingawa Hedi ndiye aliyekuwa karibu naye.