Marahaba ya Msituni

Mti uliitikia salamu. Hivyo ndivyo balaa lilivyoanza.

Jumapili hiyo Evod na mkewe Stumai walimpeleka binti yao mdogo, Jenifer, kutembea kwenye msitu wa hifadhi nje kidogo ya Ifakara. Walitazama mbega, wakachezea maji ya kijito. Nyuma ya mti mkubwa mtu akakohoa, kikohozi cha mzee. Jenifer, adabu zake hazina mfano, akaamkia: "Shikamoo!"

"Marahaba, mjukuu wangu."

Evod aliuzunguka mti wote. Hapakuwa na mtu.

Tangu siku hiyo sebule ikawa inanuka tope na majani yaliyooza. Kila asubuhi Jenifer aliamkia kiti kitupu, kiti kikatoa mlio kana kwamba kimekaliwa, na mtoto akazidi kukonda. Stumai alikosa raha kabisa. Alipika huku akisikiliza, alifua huku akisikiliza, usingizi wenyewe ukawa wa kusikiliza.

"Mama, babu anasema nikakae kwake," Jenifer akamwambia. "Anasema kesho."

Evod, mjuaji wa kila kitu, safari hii alimpigia simu mama yake. Bibi Domitila akafika jioni ileile kutoka Idete, rozari mkononi.

"Hilo ni jini," alinong'ona jikoni. "Shikamoo ikishaitikiwa, undugu umefungwa. Mrudisheni palepale asubuhi. Likikohoa, asiliamkie. Likikosa salamu, litamwachia."

"Akisahau je, mama?" Stumai aliuliza.

"Basi huyo mtoto si wenu tena."

Asubuhi walisimama chini ya mti. Kikohozi kikaja, kikarudia kwa karibu zaidi, harufu ya tope ikapanda, mbega wakanyamaza, na Jenifer akaziba mdomo kwa mikono miwili huku machozi yakimtiririka, nacho kikohozi kikamzunguka, kikamzunguka, mpaka kikachoka, kikafifia ndani kabisa ya msitu.

Stumai alilia kwa furaha. Alimbeba mtoto mgongoni, akatangulia kwa haraka kuelekea getini. Evod alifuata nyuma, mwepesi, akicheka peke yake.

"Shikamoo, baba," sauti nyembamba ya mtoto ikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia.

Kisha akainua macho. Mbele yake, mgongoni mwa Stumai, Jenifer alikuwa bado ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.