Mkoba Uliozuiwa Mlangoni

Kila Jumamosi Chiriku alitumwa na shangazi yake, fundi cherehani, akanunue uzi na zipu kwenye duka kubwa la vitambaa. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini Jumamosi hiyo alirudi kimya, tena mikono mitupu.

"Uzi uko wapi?"

"Sitaki kwenda tena duka lile."

Shangazi alisimamisha cherehani. "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Umeiba nini huko?"

"Haki ya Mungu sijaiba! Ni yule bawabu, ananifuatafuata."

"Mtu hafuatwi bure."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku, machozi yakamlengalenga. Kila alipofika dukani, bawabu aliuzuia mkoba wake mlangoni, kisha akamwandama rafu hadi rafu. Lakini rafiki yake Mapengo aliingia na mkoba begani bila kuzuiwa, huku anapiga mluzi. Mapengo alikuwa mweupe, Chiriku mweusi tititi. "Unajishuku tu," Mapengo alimwambia. "Mkoba wako ni mkubwa mno." Tangu hapo Chiriku akawa hamwamini hata Mapengo.

"Basi njoo ujionee, shangazi," alisema.

Walimpitia Mapengo. Karibu na duka, Chiriku akamwomba wabadilishane mikoba, na shangazi akabaki nyuma kidogo.

"Wewe! Mkoba mezani!" bawabu alifoka. Chiriku akautoa ule mdogo wa Mapengo. Nyuma yake Mapengo akaja na ule mkubwa, na bawabu akamwambia, "Karibu, binti."

Mapengo alisimama, uso umemwiva kwa aibu. "Mjomba, mbona mimi hunizuii?"

Bawabu, mweusi vilevile kama Chiriku, aliinamisha kichwa. "Nimeagizwa, mwanangu."

Shangazi alikuwa ameshaingia, ameyasikia yote. Mwenye duka naye aliposikia akaja mbio. "Si kwa ubaya, mama. Ni tahadhari tu."

"Tahadhari inayochagua rangi ya ngozi ni ubaguzi wa rangi," shangazi alisema. "Usiishonee nguo nzuri."

Wateja waliacha kupapasa vitambaa, wakamtazama mwenye duka. Naye akamwomba Chiriku radhi. Kisha akamwamuru bawabu kuweka mikoba yote mezani, iwe ya mtu yeyote, na kutomfuata mtu.

Huko nje, ng'ambo ya barabara, Mapengo alimshika rafiki yake mkono. "Nisamehe. Nilipaswa kukuamini mapema."

"Na mimi unisamehe, mwanangu," shangazi alimwambia Chiriku. "Nilikushuku wewe kabla ya kumshuku aliyekuonea. Mtoto akikosa neno la kueleza alivyotendewa, asidhaniwe mkosaji, asikilizwe. Na wewe sasa neno unalo. Ukibaguliwa, au ukiona mwenzako anabaguliwa, litaje wazi, maana mficha maradhi kifo humuumbua."

"Ubaguzi wa rangi," Chiriku alirudia polepole. Kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Lo! Uzi tumeusahau!"

Shangazi alicheka. "Nikusindikize?"

Chiriku alilitazama lile duka. "Hapana, nitakwenda mwenyewe," alisema, akavuka barabara kichwa juu.