Ndevu Zilizomtekenya Mwanamfalme

Sogeeni karibu. Kunjeni miguu. Anayetaka kupiga chafya, apige sasa. Haya, tuanze.

Zamani, huko Ureno, palikuwa na mwanamfalme aliyeitwa Lopo. Alikuwa na miaka sita. Aliishi katika ngome kubwa ya mawe.

Kaka zake watatu walikuwa na miji yao. Lopo alikuwa na kuku mmoja tu. Na kuku mwenyewe hakumtii.

Asubuhi moja, baba yake mfalme akamwita. "Lopo, mwanangu, leo nakupa mji. Utakuwa bwana wa Valpera."

Valpera ulikuwa mji mdogo, wenye kinu kimoja cha kusagia nafaka na punda wengi. Lopo aliupenda kuliko miji yote duniani. Akaruka, ruka, ruka!

Lakini Ureno ilikuwa na desturi yake. Mtoto wa mfalme akipewa mji, mabwana wa mji humpigia goti, mmoja mmoja. Kisha humbusu mkono. Akikataa hata mmoja, mtoto haupati mji.

"Rahisi!" akasema Lopo. "Mimi nitakaa tu."

Yaya Mesia, aliyemlea tangu kuzaliwa, akamtazama. Akautazama na ule mkono mdogo. Akaugusa kwa ncha ya kidole. Teke, teke, teke.

"Kwi, kwi, kwi!" Lopo akaanguka chini, miguu juu.

"Ohoo," akasema yaya. "Tumekwisha."

Maana Lopo alitekenyeka kuliko watoto wote wa Ureno. Alitekenyeka kwapani. Alitekenyeka unyayoni. Na zaidi ya kote, alitekenyeka juu ya mkono, pale pale panapobusiwa!

"Na mabwana wana ndevu," akasema Yaya Mesia. "Bwana Egas ana ndevu mpaka kwenye mkanda. Tena yule mzee hachekwi! Mtu mmoja aliicheka kofia yake. Mpaka leo hawasalimiani."

Lopo akaona mchezo umeharibika.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha, bwana mdogo," akasema yaya. "Haya, sema nami. Mwanamfalme hacheki!"

"Mwanamfalme hacheki!"

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo!"

Tarumbeta zikalia, paa, paa, paraaa! Lopo akapanda kiti kikubwa ukumbini. Miguu yake ikaning'inia hewani.

Wa kwanza alikuwa Bwana Nuno, mwenye ndevu fupi. Akapiga goti. Mwaa! Teke, teke.

Lopo akauma ulimi. Mwanamfalme hacheki. Hata kidogo? Hata kidogo!

Wa pili alikuwa Bwana Sancho. Masharubu yake yalikuwa kama ufagio. Mwaa! Teke, teke, teke.

Lopo akafikiria dawa chungu. Akafikiria kijiko kizima. Machozi yakamlengalenga.

"Oneni, analia," watu wakanong'onezana. "Anatupenda sana huyu mtoto." Wangelijua!

Wa tatu alikuwa padri. Hakuwa na unywele hata mmoja. Mwaa! Laini kabisa. Lopo akatamani mabwana wote wawe mapadri.

Kisha, puu, puu, puu. Viatu vizito. Bwana Egas huyo anakuja!

Akapiga goti. Magoti yakalia, ko, ko. Akainama. Ndevu zikafika kwanza, yeye akafuata nyuma.

Teke. Teke, teke. Teke, teke, teke, teke!

Mwanamfalme hacheki. Hata kidogo? Hata... kwi. Kwi, kwi. KWI, KWI, KWI!

Mfalme akajifunika uso.

Bwana Egas akasimama. Hakuwa amebusu bado. "Unanicheka mimi?" akauliza. Akavaa kofia yake. Puu, puu, puu, akaelekea mlangoni.

Lopo akauona mji wake unaondoka na vile viatu. Moyo ukamuuma sana. Sasa machozi yalikuwa ya kweli.

Akaruka kutoka kitini. Akakimbia. Wanamfalme hawakimbii ukumbini, lakini huyu alikimbia!

"Babu Egas! Babu, nisubiri!"

Mzee akageuka. Hakuna aliyewahi kumwita babu.

"Sikukucheka wewe, babu," akasema Lopo. "Ndevu zako zinanitekenya."

"Ndevu zangu hazitekenyi. Ninazo miaka arobaini."

"Umewahi kujibusu mkono?"

Bwana Egas akafikiri. Akafikiri tena. "Sijawahi," akasema.

"Basi lete mkono."

Lopo akashika ncha ya zile ndevu. Akaipitisha juu ya mkono wa mzee, taratibu. Teke, teke.

"Sisikii kitu," akasema Bwana Egas.

Teke, teke, teke. Nyusi moja ikaruka.

Teke, teke, teke, teke. Tumbo likaanza kutikisika.

"Bwana Egas hacheki," akasema mzee.

"Hata kidogo?" akauliza Lopo.

"Hata kido... kwi!"

Watu wakashika midomo.

"Kwi! Kwi! KWA, KWA, KWAAA!" Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mfalme akacheka. Yaya Mesia akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni.

"Nisamehe, mjukuu wangu," akasema Bwana Egas. "Kumbe kosa ni la hizi ndevu."

Akapiga goti. Mwaa! Wakacheka wote wawili, na safari hii hakuna aliyekasirika. Tarumbeta zikalia, paa, paa, paraaa! Valpera ukawa mji wa Lopo, na kinu chake, na punda wake wote.

Mabwana waliobaki wakaja, mmoja mmoja. Lopo akacheka kwa kila mmoja wao. Walifurahi sana hata wakasahau njaa.

Mwishowe mfalme akauliza, "Je, wamekwisha?"

"Bado mmoja," akasema Yaya Mesia.

Mwisho wa foleni alisimama Bwana Egas. Alikuwa anachana ndevu zake, pole pole.

"Lakini babu," akasema Lopo, "wewe umeshabusu!"

"Mimi?"

"Ndiyo. Mara tatu!"

"Uzee huu, mjukuu wangu," akasema Bwana Egas, akipiga goti. "Nasahausahau."