Mguu wa Waziri

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, kabla hata hajapiga mswaki, Kasuku alikuwa keshafika bandani kumsalimia Waziri. Waziri alikuwa farasi wa shangazi yake, wa rangi ya kahawia, mwenye shingo nene, na kazi yake ilikuwa kuvuta gari la mbao kutoka kiwandani hadi kwa maseremala wa mtaa mzima. Aliitwa Waziri kwa sababu hakukubali kwenda popote mpaka mtu amtangulie. Kasuku naye aliitwa hivyo kwa sababu ambayo yeyote aliyekaa naye dakika tano aliijua.

Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alimpenda farasi yule, kumpenda hasa. Alimsimulia yote ya shuleni, nani kakosa hesabu, nani kagombana na nani, na Waziri alimsikiliza huku akitafuna majani makavu, sikio moja kaligeuzia kwake. Msikilizaji kama huyo utampata wapi?

Shangazi alikuwa na sheria zake. Siku za kazi Waziri alipata makopo mawili ya shayiri asubuhi na mawili jioni. Siku za mapumziko alipata nusu kopo tu, na ilikuwa lazima atembezwe mara mbili hadi mwisho wa barabara na kurudi, mvua inyeshe, jua liwake. Kila alipotembezwa, aliyemtembeza alichora mstari mmoja wa chaki nyuma ya mlango wa banda. Shangazi akitaka kujua habari za farasi wake, hakumuuliza mtu. Aliutazama mlango.

Ijumaa moja shangazi alisafiri kwenda kumwona rafiki yake aliyejifungua. Kasuku angelala kwa mke wa seremala, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na Waziri angekuwa mikononi mwa msichana huyo hadi Jumapili. Kasuku alijiona mtu mzima kabisa.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kasuku alipomtazama Waziri, moyo ulimlainika. Maskini, wiki nzima anaburuta mbao, na siku yake ya kupumzika naye aburutwe kwenye matope! Aliona shangazi ni mkali bure. Basi akamwacha palepale bandani, akampa makopo mawili ya shayiri kama siku ya kazi, na jioni mawili mengine. Jumapili ikawa vivyo hivyo. Waziri alikula, akalamba ndoo, akamsukuma begani kwa pua kuomba nyongeza, na Kasuku alicheka akamwongezea.

Jumapili jioni ndipo alipoukumbuka mlango. Shangazi alikuwa njiani kurudi, na nyuma ya mlango hapakuwa na mstari hata mmoja wa siku zile mbili. Kasuku hakuwa na tabia ya uongo, lakini aliogopa kugombezwa. Alijiambia kwamba mistari minne haimdhuru mtu. Akachukua chaki, akaichora mmoja baada ya mwingine.

Jumatatu alipofungua banda, Waziri hakuinua kichwa. Mguu wake wa nyuma wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia juu ya kwato hadi pajani, umekaza kama gunia lililojazwa pomoni. Kasuku alipougusa aliukuta wa moto, na farasi akatetemeka mwili mzima. Msichana alipiga mbio kumwita shangazi, huku roho ikimwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia.

Daktari wa mifugo alifika kabla ya saa mbili. Alikuwa mama mfupi mwenye buti za mpira, mwenye kuzungumza zaidi na wagonjwa wake kuliko na wenye mifugo. Alimpima Waziri joto, akaupapasa mguu, akauona mchubuko mdogo karibu na kwato. Kisha akamuuliza shangazi kama farasi alisimama tu bandani siku za mapumziko huku akila nafaka nyingi. Shangazi alisema haiwezekani, akaugeuza mlango ili daktari ajionee mistari minne, myeupe, iliyonyooka.

Daktari alijikuna kidevu. "Homa inaniambia neno moja, na mlango unaniambia lingine," alisema. "Kama ametembezwa na kulishwa kwa kipimo, naogopa amejipiga na mfupa umepata ufa. Asisogezwe hata hatua moja. Mashine ya kupiga picha ya mfupa nitaipata keshokutwa."

Shangazi aliuliza, itakuwaje ufa ukionekana. Daktari alimjibu taratibu kwamba kwa farasi mkubwa na mzito kama Waziri, mguu uliovunjika ni vigumu mno kupona. Shangazi aliegemeza paji la uso kwenye shingo ya Waziri, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kasuku hakuwahi kumwona shangazi akilia.

"Daktari," Kasuku alisema kwa sauti ndogo, "na kama alisimama tu bandani?"

"Hapo ingekuwa kinyume kabisa, mwanangu. Ingekuwa ni ugonjwa wa mishipa ya limfu, na angetakiwa kutembezwa leo hii. Akisimama siku mbili zaidi, mguu huo unaweza kubaki mnene hivyo maisha yake yote."

Daktari alianza kufunga mkoba wake. Kasuku alipima moyoni. Akisema, shangazi hatamwamini tena, na pengine hatamruhusu kumgusa Waziri. Akinyamaza, Waziri atasimama palepale siku mbili, kwa amri ya daktari, akiharibika mguu kwa sababu yake. Alimtazama farasi, na farasi alimgeuzia sikio lake moja, kama kawaida.

"Mistari ni ya uongo, shangazi," alisema, na machozi yakamtoka. "Niliichora yote jana jioni. Hakutoka bandani hata mara moja, na nilimpa shayiri ya siku za kazi, tena na nyongeza."

Shangazi aligeuka akamtazama muda mrefu. Daktari hakusubiri wamalize kutazamana. Alifungua mkoba upya, akamchoma Waziri sindano mbili, moja ya kuua vijidudu vilivyoingia kwenye mchubuko na nyingine ya kutuliza maumivu na uvimbe. Huku akifanya kazi alieleza kwamba kuna mishipa midogo inayorudisha maji ya mwili kutoka miguuni, na maji hayo hupanda vizuri farasi anapotembea. Akisimama, maji hutuama, na vijidudu navyo hupata makazi. Aliagiza Waziri amwagiwe maji baridi mguuni dakika ishirini, mara tatu kwa siku, mchubuko uoshwe na kukaushwa, shayiri iwe marufuku, na atembezwe polepole kila baada ya saa chache.

Dawa ilipoanza kufanya kazi, shangazi alimkabidhi Kasuku kamba. "Wewe ndiye uliyemsimamisha," alisema, "na wewe ndiye utakayemtembeza. Mimi niko nyuma yako."

Walikwenda hatua kumi, wakasimama. Hatua nyingine kumi, wakasimama tena. Waziri alichechemea na kuguna, na Kasuku alimtangulia akimbembeleza njia nzima. "Nisamehe, baba. Moja tena. Haya, moja tena."

Siku hiyo alifika shuleni amechelewa, na shangazi mwenyewe alikwenda kumweleza mwalimu. Tangu hapo Kasuku aliamka mapema zaidi, akashika mpira wa maji mpaka vidole vikafa ganzi. Siku ya tatu paja lilianza kulainika. Baada ya siku kumi na mbili mguu ulirudi karibu na ukubwa wake, ingawa daktari aliwaonya kwamba ugonjwa huo hupenda kurudi.

Jioni ya siku hiyo, wakimkausha Waziri kwa gunia, Kasuku aliuliza kwa nini hakuadhibiwa.

"Kosa la shayiri nililisamehe palepale," shangazi alisema. "Lilitoka kwenye upendo, na asiyejua hufundishwa. Lakini mwenzetu huyu hana mdomo wa kumweleza daktari kinachomsibu. Mdomo wake ni sisi. Tukidanganya juu yake, ni yeye anayekosa dawa."

Kasuku aliinamisha kichwa. Shangazi alimvuta, akamkumbatia pamoja na gunia lenye maji.

"Siku nyingine ukikosea, njoo uniambie kabla sijauliza. Nitagomba, sikufichi. Lakini nitagomba huku tunamtibu."